Picha za Hoki Ndizo Zilizomlipa Mwandishi wa Baraza

Chukua gazeti la kila wiki la mji mdogo wowote wa Ontario au Nova Scotia, toleo la miaka ya 1990, ulikunjue mezani. Ukurasa wa mbele unakutana na watoto waliovaa jezi za hoki ya barafu, mmoja wao kainua kikombe. Ndani kuna tanzia, ndoa, na bibi aliyetimiza miaka 90. Kuna tangazo la kifungua kinywa cha chapati za maji katika kituo cha zimamoto, mapato yatanunua vifaa vya wazimamoto wa kujitolea. Kuna ratiba ya maonesho ya kilimo ya majira ya vuli, ambako ndama, maboga na mikate iliyookwa nyumbani hushindanishwa mbele ya mji mzima. Katikati vimesokomezwa vipeperushi vya maduka, vinene kuliko gazeti lenyewe. Halafu, ukurasa wa tatu au wa tano, zipo safu mbili zisizo na picha: baraza la mji lilikaa Jumatatu usiku, likapitisha zabuni ya mtaro, likaahirisha suala la pampu ya maji, na diwani mmoja akataka kujua kwa nini gharama imepanda.

Wengi wanaolia kufa kwa magazeti haya huzililia safu mbili zile tu, kana kwamba zilisimama kwa miguu yao. Hazikusimama. Hakuna aliyetoa dola yake dukani ili asome habari za mtaro. Alinunua gazeti kwa sababu mtoto wa dada yake yumo pichani, au kwa sababu anataka kujua mazishi ni saa ngapi. Mwenye duka alitangaza kwa kuwa alijua kila nyumba italifungua gazeti hilo. Fedha za picha za hoki na za vipeperushi ndizo zilizomweka mwandishi kwenye kiti ukumbini hadi saa nne usiku, siku ambayo hapakuwa na raia mwingine hata mmoja. Sherehe zilibeba utawala mgongoni. Huo ndio uliokuwa msingi wa uwazi wa serikali za mitaa katika Kanada ya miji midogo, na haukuandikwa kwenye sheria yoyote.

Ili kuona uzito wa jambo hili, lazima kujua mabaraza haya hufanya nini. Katiba ya Kanada ya 1867, katika kifungu cha 92, iliziweka serikali za miji chini ya mamlaka ya majimbo. Mji hauna kinga yake wenyewe. Jimbo likitaka kuuunganisha na jirani yake, huuunganisha, kama New Brunswick ilivyofanya Januari 1, 2023, ilipozikunja serikali za mitaa na wilaya za huduma 340 zikabaki serikali 77 na wilaya za vijijini 12. Lakini ndani ya mipaka hiyo finyu, baraza la watu watano au saba hushika vitu vinavyomgusa mtu kila siku: maji ya bomba, majitaka, barabara na kuondoa theluji, zimamoto, maktaba, uwanja wa barafu, mahali pengine hata makaburi. Bajeti ya matumizi ya kawaida hairuhusiwi kuwa na nakisi, na mapato makuu ni kodi ya majengo. Kwa hiyo diwani akiinua mkono kukubali paa jipya la uwanja wa hoki, mwenye nyumba ataliona paa hilo kwenye ankara yake.

Hakuna ngazi nyingine ya serikali iliyo karibu hivyo na mfuko wa mtu, na hakuna nyingine inayotazamwa kidogo kiasi hicho.

Kuporomoka kwenyewe kunajulikana, nitakupitia haraka. Novemba 27, 2017, kampuni mbili kubwa za magazeti, Postmedia na Torstar, zilibadilishana magazeti 41 na kutangaza kuyafunga 36, mengi yakiwa ya miji midogo na vitongoji vya Ontario. Septemba 2023 kampuni ya Metroland, iliyo chini ya Torstar, iliomba kinga ya kufilisika, ikaacha kuchapisha magazeti ya wiki zaidi ya 70 na kupunguza wafanyakazi 605. Mradi wa utafiti ulioongozwa na April Lindgren katika chuo kikuu cha Toronto Metropolitan umeorodhesha vyombo vya habari vya miji na vitongoji zaidi ya 500 vilivyofungwa nchini tangu 2008. Metroland ilieleza sababu bila kuficha: matangazo yamekimbilia kwenye majukwaa ya kidijitali, na vipeperushi vya maduka, vile vinene vilivyoandamana na gazeti, vimepungua.

Ninachotaka kukisisitiza ni mpangilio wa kilichotokea. Habari za sherehe hazikufa. Zilihama. Kifungua kinywa cha zimamoto kina ukurasa wake Facebook. Timu ya hoki ina kundi lake. Nyumba ya mazishi huweka tanzia kwenye tovuti yake. Gwaride la Krismasi, mashindano ya kutelezesha mawe kwenye barafu, mnada wa keki, vyote vimepata makao, na pengine vinawafikia watu haraka kuliko zamani. Kilichoachwa barazani ni kile kisichoweza kujibeba. Mkono mtupu haulambwi: safu mbili za ukurasa wa tatu zilipobaki peke yake, hakuna aliyekuwa tayari kuzilipia.

Kisha hata makao hayo mapya yakaonesha yana mwenye nyumba. Bunge la Kanada lilipopitisha Sheria ya Habari za Mtandaoni, iliyoidhinishwa Juni 22, 2023, ili majukwaa makubwa yavilipe vyombo vya habari, Google hatimaye ilikubali kutoa dola milioni 100 za Kanada kwa mwaka. Meta, kampuni yenye Facebook, ilichagua njia nyingine: kuanzia Agosti 1 ilizuia habari zote kwenye Facebook na Instagram nchini humo. Wiki mbili baadaye moto wa nyika ukaukaribia mji wa Yellowknife, na wakazi wapatao 20,000 wakaamriwa kuondoka. Watu walilazimika kupiga picha za skrini za kurasa za habari na kutumiana, kwa sababu kiungo chenyewe kilikataa. Mji uliohamishia mazungumzo yake yote kwenye jukwaa la kampuni moja ya California ulijifunza siku hiyo kwamba haukuwa na ufunguo.

Kuna atakayeniuliza: sherehe na baraza zina uhusiano gani hasa, zaidi ya kuchapishwa kwenye karatasi moja? Twende Windsor, Nova Scotia. Huo ndio mji wa Howard Dill, mkulima aliyezalisha mbegu ya boga kubwa iitwayo Atlantic Giant, na mwaka 1999 watu wa huko walianzisha mashindano ambayo ukiyasikia mara ya kwanza huyaamini: boga la mamia ya kilo hukombwa ndani, mtu huketi humo, hushika kasia na kushindana ziwani huku umati ukishangilia ufukoni. Ziwa lenyewe, Pesaquid, si la asili. Lilitokea baada ya tuta la barabara kujengwa kukatiza mto Avon mnamo 1970. Machi 2021 waziri wa uvuvi wa serikali kuu alitoa amri kwamba milango ya tuta ifunguliwe ili samaki wapite, jambo ambalo wavuvi na jamii za wenyeji wa asili, Wami'kmaq, walikuwa wamelipigania kwa muda mrefu. Ziwa likakauka. Kasia hazikuwa na maji ya kupigwa. Juni 2023, katika majira ya moto mkali wa nyika, waziri wa jimbo John Lohr alitangaza hali ya dharura ili ziwa lijazwe tena, akisema maji yanahitajika kuzimia moto, na amri hiyo iliongezwa muda mara nyingi huku viongozi wa Mi'kmaq wakipinga.

Sasa mwandikie mtu wa Windsor tangazo la mistari miwili kwamba mashindano ya maboga hayatafanyika ziwani. Umempa habari ya sherehe, na hujampa chochote. Nyuma ya mistari ile kuna haki za mikataba ya Mi'kmaq, sheria ya samaki, mafuriko, upanuzi wa barabara kuu, na ngazi tatu za serikali zinazovutana. Mwandishi wa zamani wa mji, aliyekwenda kupiga picha za maboga Oktoba na kukaa barazani Novemba, ndiye pekee aliyekuwa na sababu ya kuziweka habari hizo mbili kwenye ukurasa mmoja. Kundi la Facebook la wapenda maboga litasema ni kosa la serikali, lile la wavuvi litasema hatimaye haki imetendeka, na hawa wawili hawatakutana hata siku moja.

Lakini mfano unaonisumbua zaidi ni Walkerton, na nitakaa nao kidogo, maana humo watu walikufa.

Walkerton ni mji wa Ontario uliokuwa na watu chini ya 5,000. Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha, na mbolea ya ng'ombe kutoka shamba la jirani ikapenyeza vijidudu vya E. coli kwenye kisima kimoja cha mji. Watu saba walikufa na wengine wapatao 2,300 waliugua. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor ilibaini kuwa wasimamizi wa shirika la maji la mji walikuwa kwa miaka wakiandika vipimo vya klorini vya uongo, na kwamba matokeo ya maabara yaliyoonesha uchafu yalipofika, meneja hakuwaambia wakuu wa afya, aliwahakikishia kuwa maji ni salama. Tangazo la kuchemsha maji lilitoka Mei 21, kwa amri ya mganga mkuu wa eneo, tena kupitia redio za huko, na wakazi wengi hawakulisikia siku hiyo. Waliendelea kunywa.

Kuna jambo ndani ya ripoti ya O'Connor ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mwaka 1998, miaka miwili kabla ya vifo, wizara ya mazingira ilikagua mfumo ule wa maji na kuandika ripoti yenye kasoro bayana, ikiwemo E. coli kuonekana kwenye sampuli. Makamishna wa shirika la maji waliipata. Meneja akawaambia atarekebisha, wao wakaridhika. Hakuna aliyerudi kuuliza kama amerekebisha.

Najua pingamizi linalokuja, na ni la haki: Walkerton ilikuwa na gazeti lake la wiki wakati huo. Gazeti halikuwaokoa. Ni kweli. Magazeti ya miji midogo hayakuwa majasiri wakati wote. Mhariri alikuwa jirani wa meya, na mwenye duka kubwa aliyelipia ukurasa mzima alikuwa shemeji ya diwani. Sidai kwamba mwandishi mmoja kwenye benchi la nyuma angezuia janga lile kwa hakika. Nadai kitu kidogo zaidi: kila mji huwa na ripoti ya 1998 ikilala kwenye kabrasha la ajenda, na uwezekano wa mtu kuisoma kwa sauti huongezeka pale ambapo kuna mtu anayelipwa kuisoma. Ukishamwondoa huyo, umebaki na imani kwa meneja.

Jimbo la Ontario lilijibu kwa sheria ya maji salama ya 2002, ambayo kifungu chake cha 19 kinawawajibisha wanaosimamia mfumo wa maji, madiwani wakiwemo, na anayepuuza wajibu wake anaweza kutozwa faini au hata kufungwa. Ni sheria nzuri. Ila inaadhibu baada ya jambo. Inamfunza diwani kuogopa, haimfundishi mkazi kuuliza.

Wapo wanaosema tatizo hili limetatuliwa na teknolojia: mabaraza mengi sasa yanarusha vikao moja kwa moja YouTube, kabrasha zima la ajenda liko mtandaoni, anayetaka atazame. Nimetazama vikao vya namna hii, na ninawaheshimu makarani wanaovirusha. Lakini kikao cha saa tatu chenye watazamaji wachache si uwazi kamili. Kabrasha la kurasa 300 linafichua kila kitu kwa anayejua wapi pa kutazama na linaficha kila kitu kwa asiyejua. Mambo yanayohesabiwa kuwa ya kawaida hukusanywa fungu moja na kupitishwa kwa kura moja bila mjadala, na humo ndimo wakati mwingine linakaa jambo zito. Ontario, kwa mfano, inatambua haki ya raia yeyote kulalamika kwa mchunguzi huru akiona baraza limejifungia kinyume cha sheria. Atalalamikaje mtu ambaye hakujua kwamba kikao kilikuwepo?

Hata tangazo rasmi limepoteza ukuta wa kubandikwa. Sheria za mipango miji ziliruhusu arifa za mabadiliko ya matumizi ya ardhi zitolewe kwa kuchapishwa gazetini. Magazeti yalipokufa, miji ikaikosa njia hiyo, hadi mwaka 2024 Ontario iliporuhusu arifa hizo ziwekwe kwenye tovuti ya mji wenyewe pale pasipo na gazeti la kuchapishwa. Matokeo yake ni kwamba mkazi sasa anatakiwa ajikumbushe mwenyewe kufungua tovuti ya mji kuangalia kama jirani ameomba kujenga kiwanda.

Na sasa tuangalie upande wa pili, wa mamlaka. Uchaguzi wa mabaraza ya Ontario mwaka 2022 ulivuta takriban asilimia 36 ya wapiga kura. Zaidi ya wagombea 500 walipita bila kupingwa, wakiwemo mameya wengi, na kuna miji ambako baraza zima liliingia madarakani bila kura moja kupigwa. Msomaji wa Tanzania akisikia kupita bila kupingwa ataukumbuka mwaka 2019, wapinzani walipoenguliwa kwa wingi na vyama vyao kususia. Ontario hawakuenguliwa. Hawakujitokeza. Diwani wa mji mdogo hulipwa posho ndogo, hupigiwa simu usiku kuhusu theluji, na hutukanwa mtandaoni na watu asiowajua. Anayejua kwamba kazi yake itaandikwa kwa haki na mtu mwenye jina ana sababu ya kuivumilia. Leo hiyo nayo imeondoka.

Wakati huohuo jimbo limewaongezea mameya nguvu. Kilichoanza Toronto na Ottawa mwaka 2022 kilisambazwa hatua kwa hatua, na Mei 1, 2025 kikaongezwa kwa manispaa 169 zaidi, jumla zikawa 216 kati ya manispaa zote 444 za Ontario. Meya mwenye mamlaka hayo huandaa bajeti, anaweza kuajiri na kumfukuza mkurugenzi mtendaji, na katika mambo ambayo jimbo limeyapa kipaumbele anaweza kuzuia sheria ndogo iliyopitishwa na wenzake, au kupitisha sheria ndogo kwa kuungwa mkono na zaidi kidogo ya theluthi moja ya baraza. Hoja ya serikali ya jimbo ni kuharakisha ujenzi wa nyumba, na uhaba wa nyumba ni wa kweli. Lakini mamlaka yamekusanywa kwa mtu mmoja katika miji ileile ambako macho yamepungua, na sijaona anayeyaweka mambo haya mawili kwenye mizani moja.

Kinachofanyika kurekebisha hali kipo, na baadhi yake nakipenda. Tangu 2019 serikali kuu ina mfuko unaowalipa waandishi katika maeneo yasiyo na habari za kiraia, ulioanza na dola milioni 50 kwa miaka mitano na kuongezwa muda 2024. Ontario ilizitaka mwaka huohuo taasisi zake nne kubwa kupeleka angalau asilimia 25 ya bajeti za matangazo kwa wachapishaji wa jimbo. Na Sackville, New Brunswick, ambako gazeti la wiki lilinyamaza 2020, mwandishi mstaafu aliendelea kuandika habari za baraza kwenye blogu yake, na redio ya chuo ikafanya vivyo hivyo.

Lakini fedha nyingi za umma zinalenga safu mbili za ukurasa wa tatu, zikiziacha picha za hoki mikononi mwa Meta. Hapo ndipo ninapotofautiana na watunga sera. Mwandishi anayelipwa na mfuko wa serikali kuandika mambo ya baraza peke yake atasomwa na madiwani na wapinzani wao. Mpe pia maonesho ya kilimo. Mpe mazishi ya kocha wa zamani. Na manispaa zenyewe, ambazo bado hununua matangazo Facebook kuwaalika watu kwenye sherehe zao za Julai 1, sikukuu ya taifa, zingeanza kwa kupeleka fedha hizo kwa chombo chochote cha mji kilichobaki, hata kama kinasomwa na nyumba 800.

Katika miji hii wapo sasa watu wanaosoma Kiswahili: familia za Kikongo na Kirundi zilizopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, wafanyakazi wa viwanda vya nyama huko Brandon, jimbo la Manitoba, wauguzi, madereva wa malori. Wanalipa kodi ya majengo, moja kwa moja au kupitia pango. Hawana kura mpaka wapate uraia, maana hakuna jimbo la Kanada linalomruhusu mkazi wa kudumu kupiga kura ya baraza. Baraza la jiji la Toronto liliomba hivyo mwaka 2013 na jimbo halikukubali. Lakini raia anayeishi Toronto na kumiliki nyumba ya mapumziko kando ya ziwa Muskoka hupiga kura katika sehemu zote mbili, kwa sababu Ontario inamtambua mwenye mali hata kama haishi hapo. Anayelala mjini siku 365 hana sauti ya sanduku, na anayekuja Julai na Agosti anayo. Hili lingekuwa habari ya ukurasa wa mbele kila mwaka wa uchaguzi, kama ukurasa wa mbele ungekuwepo. Uchaguzi wa 2026 wa Ontario umepangwa Oktoba 26.

Haki ya kusikilizwa, hata hivyo, haidai uraia. Katika mabaraza mengi mkazi yeyote anaweza kumwandikia karani wa mji kabla ya ajenda kufungwa, akapewa dakika zake tano au kumi mbele ya madiwani, na kufika kwake kukaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Na Waswahili wa miji hii tayari wana chombo ambacho wenyeji wamekipoteza: makundi ya WhatsApp yanayosomwa na kila nyumba, yanayobeba harusi, misiba, michango na mwaliko wa pilau ya Idi. Tangazo la pilau likitoka, liwekwe chini yake tarehe ya kikao cha baraza na jambo moja tu kutoka kwenye ajenda: bei mpya ya maji, au basi la kwenda kiwandani zamu ya alfajiri.